Kusafisha kihisi cha kamera nyumbani bila kukikwaruza

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha na ninapiga picha za wanyama kwa kamera ya Nikon D750 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tangu kiangazi kianze, kila picha yenye anga ina madoa meusi yaleyale, mahali palepale. Nimefuta lenzi mara nyingi bila mafanikio. Rafiki mmoja ananishauri nipulize ndani kwa upepo wa kompresa ya gereji, mwingine anasema nitumie pamba na spiriti. Je, ninaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani bila kuiharibu?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Unaweza kuisafisha mwenyewe, na kwa kamera uliyonayo kazi hii inafanyika vizuri kabisa kwenye meza ya nyumbani. Ninachokuomba kwanza ni kuuweka kando ushauri wa kompresa na ule wa pamba na spiriti, kwa sababu kila mmoja unaweza kukuachia hasara ambayo vumbi lenyewe lisingeileta. Katika miaka yangu ya kutengeneza kamera sijapokea hata moja iliyouawa na vumbi lililotua juu ya kihisi. Zilizonifikia zikiwa zimeharibika ziliharibiwa na kitu kilichoingizwa ndani ili kulitoa vumbi hilo. Kwa hiyo nitakueleza hatua kwa mpangilio, kuanzia zile ambazo hazigusi chochote hadi ile ya mwisho inayogusa, nami nakusihi usivuke kwenda hatua inayofuata mpaka picha ya majaribio ikuonyeshe kwamba iliyotangulia haikutosha.

Kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ni bamba la silikoni ambalo katika D750 lina ukubwa wa karibu milimita 36 kwa 24, likiwa na vipokea mwanga zaidi ya milioni 24, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban mikrometa 6. Bamba hilo huwezi kuligusa hata ukitaka, maana mbele yake kumepachikwa kioo chembamba cha kichujio kinachozuia mwanga wa infraredi na kupunguza ile mistari ya uongo inayojitokeza unapopiga picha ya kitambaa chenye nyuzi za karibukaribu. Vumbi hutua juu ya kioo hicho, na hicho ndicho tunachokisafisha tunaposema tunasafisha kihisi. Jambo hilo hutuliza moyo, lakini kwa kiasi tu, kwa sababu kioo chenyewe kimepakwa utando mwembamba sana, mkwaruzo ukiingia hauondoki, na kukibadilisha ni kazi ya kuifungua kamera nzima kwa fundi mwenye vifaa, tena kwa gharama ambayo mtu anayetegemea kamera kwa riziki yake huihisi kweli.

Huenda umeshaona kwamba picha za simba ulizopiga kwa f/5.6, tundu la lenzi likiwa wazi, hazina doa lolote, huku picha za mandhari ulizopiga kwa f/16, tundu likiwa limebanwa, zikiwa zimejaa. Vumbi ni lilelile. Kinachobadilika ni kivuli chake. Chembe haikai moja kwa moja juu ya vipokea mwanga bali juu ya kichujio, umbali mdogo mbele yao, kwa hiyo kinachorekodiwa kwenye picha ni kivuli kinachoangukia nyuma yake. Ukiweka kidole karibu na meza chini ya taa ndefu ya tyubu, kivuli chake hufifia na kukosa kingo. Ukikimulika kidole hichohicho kwa tochi ndogo ya simu, kivuli hukolea na kingo zake huwa kali. Tundu la lenzi likiwa wazi sana hufanya kazi ya ile tyubu, na likibanwa hadi f/16 au f/22 hufanya kazi ya tochi. Ndiyo sababu mpiga picha wa harusi anaweza kukaa mwaka mzima na kihisi kichafu bila kujua, wakati mpiga picha wa mandhari hulalamika baada ya safari moja tu.

Sasa tuhakikishe kwamba tatizo ni kihisi kweli. Maelezo yako yanaelekeza huko, kwa sababu doa linalobaki mahali palepale hata ukibadilisha lenzi haliwezi kuwa la lenzi, na vumbi la ndani ya lenzi halitengenezi nukta yenye umbo linaloeleweka. Likiwa jingi sana hupunguza tu ung'avu wa picha. Vilevile chembe unazoziona unapochungulia kwenye kitundu cha kutazamia hazihusiki, kwani ziko kwenye njia ya macho yako na si kwenye njia ya picha. Piga picha ya majaribio hivi: weka ISO 100, tundu la lenzi f/16, fokasi ya mkono iliyovurugwa makusudi, kisha elekeza kamera kwenye anga isiyo na wingu au kwenye ukuta mweupe, na uisogeze kamera taratibu wakati shata, lile pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye kihisi, iko wazi ili alama za ukutani zifutike na za kihisi zibaki. Ikuze picha hiyo kwenye kompyuta hadi asilimia 100 na uipitie yote, kona kwa kona. Wapo wanaopima kwa f/22, lakini mimi siwashauri, kwa sababu kwa f/22 karibu kila kamera duniani itaonyesha kitu, na mtu hujikuta anasugua kihisi kisichohitaji kusuguliwa.

Hapohapo, kabla hujasafisha chochote, kuna jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. D750 ina kipengele kwenye menyu yake cha kupiga picha ya marejeo ya vumbi, ambayo programu ya NX Studio, inayotolewa na Nikon bila malipo, huitumia kufuta madoa kwenye picha zilizopigwa kwa faili ghafi za NEF. Ukiwa na picha za NEF za msimu huu unazozithamini, piga picha hiyo ya marejeo leo, ukiwa na lenzi ya milimita 50 au zaidi, umbali wa kama sentimita 10 kutoka kwenye kitu cheupe chenye mwanga mzuri. Menyu itakuuliza kama unataka kihisi kisafishwe kwanza. Chagua kuanza bila kusafisha. Ukishasafisha, ramani ya vumbi la zamani imepotea, na picha za zamani itakubidi uzirekebishe doa kwa doa.

Jambo jingine la kujua unapoitazama picha ya majaribio ni kwamba lenzi huigeuza taswira juu chini. Doa unaloliona juu ya picha, kwenye anga, lipo sehemu ya chini ya kihisi. Ukikaa ukiitazama kamera usoni ikiwa imesimama wima, kushoto kwa picha ni kushoto kwako na kulia ni kulia kwako, ila juu na chini ndivyo vimebadilishana. Nimeona watu wakipuliza nusu saa upande ambao hauna kitu kwa kutojua hilo.

Ni haki yako pia kujua msimamo wa watengenezaji wenyewe. Kitabu cha maelekezo cha Nikon kinaruhusu mwenye kamera kutumia usafishaji wa ndani ya kamera na pampu ya upepo ya mkono peke yake, bila brashi, na kinaagiza kwamba uchafu unaokataa kutoka uachiwe mafundi walioidhinishwa. Mimi naheshimu agizo hilo, na ninakiri kwamba kwa mtu anayeishi karibu na kituo cha huduma ndilo agizo bora. Kwa mtu ambaye kamera yake itasafiri wiki kadhaa kwenda na kurudi katikati ya msimu wa wageni, hatua ya kufuta kwa kijiti inaweza kufanywa kwa usalama, mradi aifanye akijua kwamba kuanzia hapo dhamana ya kosa ni yake.

Anza na kinachofanywa na kamera yenyewe. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha iliyokuja na mtikisiko wa kuondoa vumbi ilikuwa Olympus E-1 ya mwaka 2003, na tangu hapo kampuni nyingine zimefuata, kila moja kwa namna yake. Katika D750 kipengele hicho kipo kwenye menyu ya mipangilio. Iweke kamera juu ya meza ikiwa imekalia tako lake, maana hivyo ndivyo mtikisiko unavyofanya kazi vizuri zaidi, kisha amuru usafishaji mara mbili au tatu. Usirudie mfululizo mara nyingi; kamera itakataa kwa muda ili kulinda saketi zake, na hapo hakuna kilichoharibika, ni kuisubiri tu. Piga tena picha ya majaribio. Vumbi kavu lililotua karibuni mara nyingine huondoka hapa, na kazi ikaisha bila hata kufungua lenzi.

Likibaki, andaa chumba. Usifagie sakafu, kwa sababu ufagio hurusha vumbi ambalo litaelea hewani kwa muda mrefu. Ipige deki kwa maji, futa meza kwa kitambaa kibichi, zima feni, funga madirisha, kisha toka na uache chumba kitulie nusu saa. Usitandike khanga, blanketi wala taulo chini ya kamera, maana nyuzinyuzi zake ndizo zitakazopanda kwenye kihisi. Vaa nguo isiyochambuka. Kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi, chagua alfajiri kabla magari hayajaanza kupita, au siku iliyofuata mvua.

Kifaa cha hatua hii ni pampu ya mpira ya mkono, ile yenye umbo la yai au roketi na mdomo mwembamba, inayouzwa kwenye maduka ya kamera. Kama ni mpya, iminye mara ishirini au thelathini pembeni kabla ya kuitumia, kwa sababu ndani ya mpira mpya huwa kuna poda iliyobaki kutoka kiwandani. Chaji betri ijae. Zima kamera, ondoa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini na upulize kwanza kwenye ukingo wa chuma, mahali lenzi inapokaa, kwani huko ndiko mavumbi ya gari yanakojificha. Baada ya hapo iwashe, nenda kwenye menyu ya mipangilio, chagua kipengele cha kuinua kioo kwa ajili ya usafi (hapa ni kioo cha kuakisi kilicho mbele ya shata, si kile cha kichujio), na ubonyeze kitufe cha kupigia picha hadi mwisho. Kioo kitapanda, shata itafunguka, na utaona kihisi kikimetameta kwa rangi ya kijani na zambarau. Endelea kuishika kamera ikitazama chini ili chembe inayong'oka idondoke nje, weka mdomo wa pampu usawa wa mlango wa kamera bila kuuingiza ndani, na upulize kwa nguvu mara kumi hadi kumi na tano ukibadilisha pembe. Kisha zima kamera, kioo kishuke, rudisha lenzi na upige picha ya majaribio.

Kuhusu betri sisemi kwa kutimiza wajibu. Kioo na shata hushikiliwa kwa umeme wa betri hiyo. Ikikaribia kuisha, D750 hupiga mlio na taa ya mbele humweka kukuonya kwamba baada ya kama dakika 2 shata itajifunga na kioo kitashuka, na pazia la shata likishuka juu ya kijiti kilichomo ndani, bamba zake nyembamba hupinda. Kamera yenyewe hukataa kuinua kioo betri ikiwa chini, na hilo ni jambo jema. Kwa sababu hiyohiyo usitumie ile hila ya zamani ya kuweka shata kwenye B, ambako hubaki wazi mradi kitufe kimebonyezwa, na kushikilia kitufe kwa kidole, maana kidole kikiteleza hakuna mlio wa kukuonya, na tena kihisi kinapokuwa kazini huwa na chaji ya umeme inayovuta vumbi badala ya kuliachia.

Sehemu kubwa ya wasomaji wanaoniuliza swali kama lako humaliza tatizo lao hapa. Rudia kupuliza mara mbili, hata tatu, kabla ya kukata tamaa. Pampu ikishindwa kabisa, jiulize ni uchafu gani uliobaki, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama ufute au uache.

Wewe unafanya kazi kwenye ardhi ya pekee. Nyanda za kusini mwa Serengeti, zile za nyasi fupi ambako nyumbu huzalia, zina udongo uliotokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na ya Ol Doinyo Lengai, na vumbi lake ni laini kama unga huku ndani yake mkiwa na chembe ngumu zinazokwaruza. Vumbi la namna hiyo kama halijanyonya unyevu hutoka kwa upepo; likiburutwa kwa kitambaa hugeuka msasa. Tofauti na hilo, mpiga picha wa Zanzibar au Mombasa anaweza kuwa na alama za chumvi iliyokauka baada ya marasharasha ya bahari, na chumvi haipulizwi ikatoka, inataka unyevu kidogo iyeyuke. Chavua za maua nazo hunata. Kuna pia madoa ya duara yenye pete nyeusi na katikati iliyong'aa, ambayo kwa kawaida ni vitone vya mafuta kutoka kwenye mitambo ya shata. Hayo hayana uhusiano na uchafu wa mmiliki: Nikon D600 ya mwaka 2012 ilijulikana sana kwa madoa, na mwaka 2014 Nikon walitangaza kuikagua, kuisafisha na kubadilisha shata yake bila malipo. Ukiona pete za namna hiyo zinarudi kila baada ya picha mia kadhaa, mpelekee fundi, kwani utafuta leo na kesho zitakuwepo tena.

Niliwahi kuletewa kamera na mpiga picha wa harusi aliyekuwa amefuta kihisi kwa pindo la fulana yake safi, iliyotoka kufuliwa, kwa kidole kimoja. Juu juu haikuonekana kitu. Nilipoimulika kwa tochi kwa mshazari, mistari mitatu ilitokea, imepinda kama upinde kufuata mzunguko wa kidole, na mwishoni mwa mmoja wao ilikuwepo chembe yenyewe ya mchanga, bado imekaa. Hakuwa mzembe, alikuwa na haraka, harusi ilikuwa jioni ileile. Nakueleza hili ili uelewe kwa nini nakulazimisha upulize mara tatu kabla ya kugusa: kila chembe ngumu inayotoka kwa upepo ni chembe ambayo kijiti hakitaiburuta.

Kwa hatua ya kufuta unahitaji vijiti vilivyotengenezwa kwa kazi hii, vyenye ncha bapa iliyovikwa kitambaa kisichotoa nyuzi na vikiwa vimefungwa kimoja kimoja. Kwa kihisi cha D750 chukua vya upana wa milimita 24, ili ncha ifunike kimo chote cha kihisi kwa mpito mmoja. Vya milimita 16 ni vya kamera zenye kihisi kidogo cha kama milimita 24 kwa 16. Unahitaji pia kimiminika chake. Kinachosifiwa zaidi ni methanoli safi, kwa sababu hukauka haraka bila kuacha masalia, lakini methanoli ni sumu ikinywewa, ikivutwa kwa wingi au ikikaa kwenye ngozi, na inashika moto upesi. Usiifungue karibu na jiko la mkaa wala la gesi, usiihifadhi kwenye chupa ya kinywaji, na uifungie mbali na watoto. Kama mgeni wako anataka kukuletea vifaa kwa ndege, mwombe seti yenye kimiminika kisicho na alkoholi, au vijiti vilivyokwisha kuloweshwa kwa kimiminika cha namna hiyo, maana viowevu vinavyowaka huzuiwa kwenye mizigo.

Spiriti ya duka la dawa haifai kuchukua nafasi hiyo. Ile ya kusafishia vidonda huwa na maji, na nyingine huongezewa mafuta ili isikaushe ngozi. Ile ya zambarau imetiwa rangi makusudi ili watu wasiinywe. Maji huacha duara la alama yanapokauka, mafuta huacha ukungu, na rangi hubaki kama rangi. Pamba nayo huacha nyuzi, na vijiti vya masikio vina gundi inayoyeyuka kwenye alkoholi na kusambaa kwenye kioo. Kitambaa cha miwani kinachokaa mfukoni kimeshabeba mchanga wa siku nyingi. Upepo wa kompresa ya gereji hutoka na matone ya mafuta na maji ya tangi, tena kwa nguvu inayoweza kupinda bamba za shata. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta hutema gesi yake ikiwa kimiminika baridi sana kopo likiinama kidogo tu. Na mdomo wako, hata ukiukausha vipi, hutoa mate.

Sasa kufuta kwenyewe. Laza kamera chali mezani, lenzi imeondolewa, kioo kimeinuliwa kama mwanzo. Fungua kijiti kimoja, usiiguse ncha yake kwa kidole, na uidondoshee tone moja kwenye ukingo, au mawili kwa upana huu wa milimita 24. Subiri sekunde chache unyevu usambae. Ncha iwe na unyevunyevu tu. Ukiikandamiza ikatoa tone, imezidi, iache ipungue. Iteremshe wima hadi igusane na kihisi pembeni kabisa kushoto, iinamishe kidogo kuelekea unakotaka kwenda, na uivute hadi ukingo wa kulia kwa mwendo mmoja usiokatika, kwa mkandamizo kama wa kalamu unapoandika kwenye karatasi, ncha ikipinda kidogo tu. Bila kuiinua, igeuzie mwinamo upande wa pili na urudi kwa uso wa pili wa kitambaa ambao haujatumika. Itoe. Kijiti hicho kimekwisha kazi, hata kama kinaonekana cheupe.

Tazama kihisi wakati huo huo, kwa mwanga wa mshazari. Nyuma ya kijiti utaona utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua ukijikusanya kutoka kingoni na kutoweka ndani ya sekunde tatu au nne. Ukitoweka wote, kipimo chako kilikuwa sawa. Ukiacha michirizi, kimiminika kilikuwa kingi, na dawa yake ni kijiti kipya chenye unyevu pungufu. Kijiti kikavu usikiburute kamwe. Zima kamera, rudisha lenzi, piga picha ya majaribio. Usishangae mpito wa kwanza ukiacha vumbi limesogea kutoka katikati kwenda kona, hilo ni la kawaida, na kijiti cha pili huliondoa. Mimi huweka ukomo wa vijiti vitatu kwa siku. Doa lililostahimili vijiti vitatu vilivyopitishwa sawasawa aidha limegandamana au ni mkwaruzo, na katika hali zote mbili kuongeza nguvu ya mkono hakusaidii.

Kama siku moja utahamia kamera isiyo na kioo, soma upya kitabu chake kabla ya kurudia haya. Nyingi za hizo kihisi chake hubaki wazi mara lenzi inapoondolewa, chache huteremsha shata zinapozimwa, na pazia hilo usilipulize kwa nguvu wala kuligusa. Zenye mfumo wa kutuliza mtikisiko wa mkono ndani ya mwili wa kamera zina kihisi kinachoelea, nacho hukwepa kijiti ukikikandamiza, hivyo mkono lazima uwe mwepesi zaidi ya huu niliokueleza.

Kwenye gari, ambako vumbi lako linaanzia, badilisha lenzi injini ikiwa imezimwa, paa na madirisha yakiwa yamefungwa, baada ya kuliacha wingu la magari mengine litulie. Iandae lenzi mpya kwanza, puliza kitako chake na ndani ya kifuniko chake cha nyuma, maana vumbi lililo pale huingia kwenye kamera. Elekeza mdomo wa kamera chini na umalize kwa sekunde chache. Jioni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kibichi kabla ya kufungua chochote. Ukiweza kubeba kamera mbili, kila moja na lenzi yake, msimu mzima unaweza kupita bila kubadilisha.

Usisafishe kila wiki. Picha zako za wanyama unazipiga kwa f/5.6 au f/8, na huko doa dogo halionekani kabisa. Pampu itumie kila ukirudi kutoka safari ndefu, vijiti viache hadi mwisho wa msimu. Ukikuta kwamba baada ya usafi wa leo imebaki nukta moja ndogo kwenye kona, inayoonekana kwa f/16 peke yake, rudisha lenzi na uende nayo kazini hivyohivyo. Utaiondoa mvua zikishanyesha na barabara zikitulia.